Mhariri, ile miti mliyoipiga picha imekauka

Ndugu mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, siyo kwamba nilikosa la kusema, ila mimi si mtu wa kelele. Sasa hii ya juzi imenishinda. Ile ripoti yenu ya bustani ya jamii "iliyofufuliwa na wadau", najua mnaikumbuka maana mliipa nusu ukurasa, mgeni rasmi kashika koleo jipya ambalo stika yake bado haijabanduliwa, nyuma yake watu wa tisheti za kufanana wanapiga makofi. Wadau gani hao? Wamefufua nini?

Waliofufua pale hamkuwapiga picha. Ni mzee mmoja mstaafu, vijana kadhaa wa shule, mama mmoja anayekuja na glovu zake za kuoshea vyombo, na mimi, na wengine wanaokuja wakipata nafasi. Hatuna jina, hatuna bango, hatuna mwenyekiti (tuliwahi kujaribu kuchagua mwenyekiti, tukagombana, tukarudi kwenye majembe). Na kazi ya kwanza pale haikuwa kupanda mti wala ua, ilikuwa kutoa takataka. Bembea zimebaki minyororo mitupu, mabenchi yamebaki vyuma, vichaka mpaka watoto wanaogopa kukatiza. Tukatoa matairi yaliyojaa maji ya mvua, na kwenye joto yai la mbu linakuwa mbu anayeruka kwa kama wiki moja mpaka siku kumi hivi, kwa hiyo piga hesabu tairi moja lililokaa msimu mzima. Udongo nao ulikuwa umeshindiliwa na miguu na magari ya watu waliogeuza bustani kuwa paking, jembe linadunda. Udongo wa hivyo maji hayaingii, yanateleza juu yanaondoka, mizizi haipati hewa, ukipanda mti pale bila kutifua kwanza umepanda kuni.

Ndio wakaja wadau wenu. Spika, viti, maturubai, hotuba. Mashimo walichimbiwa, miche wakakabidhiwa mkononi, wakapanda, wakapiga picha, wakaondoka kabla jua halijawa kali. Jioni yake tukapita kuangalia na nusu ya ile miche ilikuwa imefukiwa pamoja na kiriba chake cha plastiki! Yaani mtu mzima na suti yake kachukua mche na mfuko wake kautumbukiza shimoni, akafukia, akapigiwa makofi. Mizizi itatokea wapi hapo? Tukafukua mmoja mmoja, tukachana viriba, tukapanda upya, tukazungushia matandazo, na matandazo yenyewe tukayaweka mbali kidogo na shina kwa sababu ukiyarundika yakagusa shina gome linaoza. Hayo yote usiku unaingia na tochi za simu. Kwenye ripoti yenu hamna.

Basi nikasema yaishe, tumwagilie tu. Lakini mhariri, kilichofuata ndicho kimenifanya nishike kalamu. Asubuhi moja nafika nakuta vijana waliotumwa kufyeka nyasi, wana zile mashine za kuning'iniza begani zenye kamba ya plastiki inayozunguka, wanapita mzobemzobe, na kila mche wanaoufikia ile kamba inauchuna gome pale chini karibu na ardhi, duara zima, nyeupeee, utomvu unatoka. Nikapiga kelele mpaka mwenye mashine akazima. Kijana wa watu ana adabu zake, kanisalimia shikamoo vizuri kabisa, halafu ananiambia, "Mzee, mimi hapa sioni miti, naona vifimbo, na nimeambiwa pawe peupe." Nikamwonyesha vitambaa vyekundu tulivyofunga kwenye kila mche ili vionekane, akasema alidhani ni takataka. Sasa nyie mnajua mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote unakufaje? Haufi siku hiyo! Hapo ndipo penye uchungu. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kwenye mizizi kupitia gome la ndani, ukilikata duara zima mizizi inabaki na njaa huku juu majani bado ni ya kijani, yanakaa hivyo wiki hata miezi yakikudanganya, halafu siku moja mti unanyauka na mashine imeshasahaulika, na mpita njia anasema aah, wale wa kujitolea wamechoka hawamwagilii tena. Tunamwagilia! Tumemwagilia miti iliyokwisha kufa bila kujijua imekufa! Nikaenda ofisi inayohusika na kufyeka, sitaitaja, nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa ile miti haipo kwenye rejista yao. Siku ya mgeni rasmi ilikuwepo, imehesabiwa, imetangazwa kwenye spika. Siku ya kuchunwa haipo.

Na kijana wala simlaumu. Amepewa eneo, amepewa mafuta, hakuna aliyemwambia mti mchanga unafananaje.

Halafu kuna suala la choo, maana nikinyamaza leo sitaandika tena. Bustani ina choo, kimejengwa, kina vigae, kina maandishi ya wanaume na wanawake, na kina kofuli tangu kizinduliwe. Kizinduliwe nacho kwa utepe! Mwenye ufunguo hajulikani. Watu wanaenda nyuma ya vichaka, sisi tunaofyeka vichaka ndio tunaojua kuna nini huko, halafu tunaambiwa watu wa mtaa huu hawana ustaarabu. Bomba la maji ni hivyo hivyo, liko hatua chache kutoka kwenye miche, lina kofuli, na mama wa glovu anabeba ndoo kutoka nyumbani kwake. Eti wanaogopa maji yataibiwa. Yataibiwa na nani, na mche?

Mtaniambia ndivyo mambo yalivyo kila mahali. Siyo. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, ile harakati ya kupanda miti, kule Kenya mwaka 1977, kina mama walikuwa wanapewa malipo kidogo kwa kila mche uliopona, siyo uliopandwa. Uliopona! Kwa hesabu hiyo wadau wenu wangekuwa wanatudai au sisi tunawadai? Mama huyo huyo ndiye aliyesimama mwaka 1989 kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park ya Nairobi, akatukanwa sana, na bustani ipo mpaka leo. Hata Central Park ya New York, ambayo watu wanapiga nayo selfi, miaka ya 1970 ilikuwa imechakaa vibaya, nyasi zimeisha, majengo yamechorwachorwa, ndio wananchi wakaunda chombo chao mwaka 1980 kusaidiana na jiji, na baadaye wakaigawa bustani nzima kwenye vipande 49, kila kipande na mtunza bustani wake anayejulikana. Mti ukichunwa kwenye kipande chako unaulizwa wewe. Huku kwetu anaulizwa nani? Najua wao wana hela. Lakini kumjua nani ana kipande kipi hakuhitaji hela, kunahitaji daftari.

Sasa pendekezo langu na naomba msilikate. Kuanzia leo mtu yeyote mkubwa akipanda mti mpigeni picha kama kawaida ila msiichapishe. Iwekeni kabatini. Kiangazi chote kipite. Kiangazi kikiisha mpigieni simu huyo mkubwa, aje bustanini peke yake bila tisheti na bila msafara, na autafute mti wake mwenyewe bila kuonyeshwa. Akiuona na uko hai, chapisheni picha zote mbili, ya siku ile na ya leo, mimi mwenyewe nitanunua nakala kumi nigawe. Ukiwa umekufa chapisheni vilevile, saizi ile ile, na koleo aje nalo, tuone kama stika imebanduka. Na kama hakumbuki hata alipanda upande gani, basi picha yake ichapishwe akiwa ameshika kile kiriba, tumekihifadhi, tunavyo vingi.

Na huyo mwenye ufunguo wa bomba, popote alipo, kama anasoma gazeti, atengeneze wa pili amkabidhi mama wa glovu. Anafika pale kabla ya saa moja asubuhi, hana haja ya kupiga hodi ofisini, atamkuta na ndoo. Wa choo tutauzungumzia mwezi ujao.

Ni mimi msomaji wenu,
Jina kapuni