Yai zima lisiingie kwenye maikrowevu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wasomaji juu ya yai na maikrowevu. Mmoja wetu anafundisha mapishi, mwingine ni fundi wa vifaa vya umeme vya jikoni, wote tuko Mbeya. Mashine hizi sasa zimejaa maofisini, kwenye hosteli za wanafunzi na majumbani, kuanzia Iringa hadi Tunduma, na tangu kampeni ya nishati safi ya kupikia ishike kasi mwaka 2024 wengi wanazidi kuzinunua. Hilo ni jema. Tatizo ni ushauri unaosambaa kwenye simu: chukua yai na ganda lake, litie kwenye kikombe cha maji, ongeza kijiko cha chumvi, washa dakika sita, litaiva bila kupasuka. Ushauri huo unaunguza watu nyuso, na hatuwezi kuunyamazia.

Yai likichemshwa kwenye sufuria, moto hutoka nje kwenda ndani, na maji yanayolizunguka hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka. Kwa hiyo kiini nacho hakipiti hapo. Maikrowevu haifanyi hivyo. Mawimbi yake hupenya ganda na kuzama ndani ya chakula kwa sentimita kadhaa, na yai lenyewe unene wake ni kama sentimita 4 tu. Kiini kinapigwa moja kwa moja. Karibu nusu ya kiini ni maji na theluthi hivi ni mafuta, na mafuta huhitaji nishati kidogo kuliko maji ili kupanda nyuzi moja. Ndiyo maana kiini kinaweza kuwa cha moto kuliko maji yaliyo nje ya ganda.

Sasa angalia kilivyofungwa. Kina utando wake mwembamba, juu yake ute ulioganda, juu yake ganda. Maji ya ndani yamejificha katika vitone vidogo mno kati ya protini, na vitone hivyo vinaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, kwa sababu povu halina mahali pa kuanzia. Yai linakaa kimya. Likitikiswa, likichomwa uma au likiumwa, vitone vyote huchemka kwa mpigo mmoja. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza zaidi ya lita moja na nusu.

Mwaka 2017 wataalamu wa sauti nchini Marekani walilipima jambo hili kwa sababu ya madai ya mteja wa mgahawa aliyesema yai lililopashwa moto lilimlipukia mdomoni. Walipasha mayai yaliyokwisha kuchemshwa, na mlio wa yaliyopasuka, ukipimwa umbali wa kama sentimita 30, ulikuwa kati ya desibeli 86 na 133. Lakini kilichotugusa zaidi si mlio. Baadhi ya mayai hayo yalitoka kwenye mashine yakiwa mazima kabisa, yakaja kupasuka nje yalipochomwa. Mtu anayejivunia kwamba lake halikupasuka anaweza kuwa amelishika mkononi huku likisubiri.

Huku nyanda za juu kuna la ziada. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe inakaribia 2,000. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa nyuzi 1. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, Mbeya kwenye 94 hivi, Njombe pungufu kidogo ya hapo. Kiini chenye nyuzi 97 pwani bado hakijafika kuchemka. Huku kimeshapita. Ndiyo hali hiyohiyo inayofanya yai la kuchemsha kwenye jiko lichelewe kuiva kwetu, na mama wa Njombe au Makete analiongezea dakika moja au mbili bila kuuliza kwa nini.

Je, chumvi? Maji ya chumvi hunyonya sehemu kubwa zaidi ya mawimbi, kwa hiyo mara nyingine yai hutoka salama, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kutoboa ganda kwa sindano nako hakutoshi: tundu hilo hutoa hewa ya upande wa butu tu, kiini kinabaki kimefungwa katika utando wake, na ute ukiganda huliziba tundu. Kuzungushia karatasi ya aluminiamu ni kukaribisha cheche.

Yai linalopikwa kwenye maikrowevu livunjwe. Hakuna njia nyingine tunayoweza kuisimamia.

Kabla ya kuvunja, jua nguvu ya mashine yako. Nyuma yake kuna kibandiko chenye namba mbili za wati. Kubwa, tuseme 1,100 au 1,200, ni umeme inaovuta ukutani. Ndogo, mara nyingi 700 kwa mashine za nyumbani, ndiyo inayopika. Maelekezo mengi ya mapishi ya kigeni yameandikwa kwa wati 1,000. Zidisha muda wao kwa 1,000, gawanya kwa wati zako: sekunde 60 zao ni kama sekunde 85 kwenye mashine ya 700. Ukiwa na kipimajoto unaweza kuhakikisha mwenyewe. Weka lita moja ya maji, pasha dakika 2 kwa nguvu kamili, koroga, kisha zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 35. Zikiongezeka 20, mashine inatoa wati 700. Zikiongezeka 14 tu, inatoa chini ya 500, na mara nyingi si ubovu: umeme wa jioni umeshuka chini ya volti 230, na mashine za transfoma huishiwa nguvu haraka umeme ukipungua. Mtu huyo huona yai halijaiva, anaongeza dakika nzima, umeme unarudi katikati, yai linaruka. Ongeza sekunde 10, kumi, kumi. Usiongeze dakika.

Na kitufe cha nguvu nusu kisikudanganye. Katika mashine nyingi hakipunguzi ukali. Kinawasha na kuzima kwa zamu, na zamu moja huweza kufika sekunde 20 au 30. Ukipika sekunde 30 kwa nguvu nusu unaweza ukawa umepata nguvu kamili muda wote. Kwa yai, kuwasha kidogo, kusimamisha na kuwasha tena ni uhakika kuliko kitufe hicho.

Tuanze na mayai ya kuvuruga, kwa mashine ya wati 700. Chukua kikombe kikubwa cha udongo au bakuli la kioo la kuingia mililita 350 au zaidi, maana povu la yai hupanda. Paka siagi au mafuta. Kama unataka kitunguu, kikatekate, tia na nusu kijiko cha chai cha mafuta, sekunde 40 peke yake. Kikitiwa pamoja na yai kitabaki kibichi. Nyanya iondolewe mbegu na maji yake. Vunja mayai 2, tia vijiko 2 vya chakula vya maziwa na chumvi kidogo, piga kwa uma mpaka usione tena uzi wa kiini. Kupiga huku si kwa ajili ya sura. Ndiko kunakopasua utando na kuondoa hatari. Washa sekunde 40. Pembeni patakuwa pameganda na katikati pangali majimaji: vuta pembeni ulete katikati. Washa 25, koroga. Washa 15. Toa likiwa na unyevu kidogo lakini hakuna ute unaotiririka, funika kwa kisosi dakika 1. Katika dakika hiyo joto linasambaa na yai linamalizia kuiva lenyewe. Asiyesubiri hulirudisha kwenye mashine, akapata yai gumu kama raba lililotoa maji chini ya kikombe.

Mayai ya kienyeji ni madogo. Mawili yake hupungua sekunde 10 hadi 15 kwenye jumla. Juni na Julai, yai lililolala kwenye rafu ya jiko la Makete ni la baridi kama la frijini, kwa hiyo muda huongezeka kwa kiasi hichohicho.

Anayetaka jicho la yai, kiini kikiwa kizima, afanye kazi kwa uangalifu zaidi. Paka mafuta kisosi kirefu, vunjia yai moja, toboa kiini mara nne kwa ncha ya kisu au kijiti cha kuchokolea meno, na ute mzito utoboe pia. Tundu moja huziba. Toboa mara nne. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji, funika kwa sahani ukiacha mwanya wa mvuke kutoka. Sekunde 30, acha nusu dakika bila kufungua mlango, kisha sekunde 10 kwa kumi. Ukisikia linagonga pap, pap, zima, limeshafika. Funua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso.

Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, kiini na ute vyote vigande kabisa. Bakteria wa salmonela wanauawa kwenye nyuzi 71, na maikrowevu huacha sehemu baridi ndani ya chakula kilekile chenye sehemu zinazofuka moshi. Kukoroga na kusubiri ndiyo dawa yake.

Vyombo. Kikombe cha bati kisiingie, wala sahani yenye mstari wa dhahabu ukingoni. Vyote vitatoa cheche. Sahani za melamini zinapata moto zenyewe na hazikutengenezwa kwa kazi hii. Makopo ya siagi na aiskrimu hulainika. Vyungu vya Wakisi kutoka Ziwa Nyasa tunavipenda sana kwa moto wa kuni, lakini havina rangi ya kioo juu, hunyonya maji, kwa hiyo chungu chenyewe huchemka na kinaweza kupasuka. Kikombe cha kawaida cha udongo chenye mng'ao, au kioo kinene, vinatosha.

Wafanyakazi wa ofisini wanaobeba mayai ya kuchemsha toka nyumbani wawe waangalifu kuliko wote. Yai lililochemshwa na kumenywa bado ni yai zima. Likate vipande vinne mpaka kiini kionekane, kisha sekunde 15. Bora zaidi, limwagie maji ya moto kwenye bakuli likae dakika kadhaa. Yai la kukaanga lenye kiini kizima litobolewe kabla ya kupashwa. Chipsi mayai haina shida, kiini chake kimeshavurugwa.

Yai likikupasukia ndani, chomoa waya kwanza, acha mashine ipoe. Kisha ichomeke tena, uchemshe ndani yake maji mililita 250 yenye vipande vya limau na kijiti cha mbao ndani, dakika 3, acha dakika 5 mlango ukiwa umefungwa, kisha futa. Upande mmoja ndani, mara nyingi kulia, kuna kikaratasi kigumu cha rangi ya kahawia au kijivu, kinaitwa maika. Watu hukiacha na mabaki ya yai. Yanaungua, yanakuwa makaa, yanatoa cheche, na wenye mashine wanadhani imekufa. Kifute. Kikiwa kimetoboka, maika mpya hukatwa kwa mkasi kwa kipimo cha ile ya zamani. Mlango ukiwa umepinda au haufungi sawasawa, usiwashe. Na tunasihi: usifungue boksi la nje hata kama umechomoa. Kapasita ya ndani hutunza umeme wa maelfu ya volti na inaua.

Aliyeungua awekwe kwenye maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Pete na saa zivuliwe mapema. Dawa ya meno, asali, mafuta na hata ute wa yai, ambao wengi hukimbilia kuupaka, havipoozi kidonda na vinaweza kuingiza uchafu. Jicho likipigwa, lioshwe kwa maji safi na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama anaona vizuri.

Ombi letu kwako, Mhariri: ukurasa wenu wa mapishi unapotoa chakula cha maikrowevu, uandike wati za mashine iliyotumika na ujazo wa chombo pembeni ya muda. "Dakika mbili" peke yake haimwambii kitu mpishi wa Makambako.

Mwalimu wa mapishi na fundi wa vifaa vya umeme,
Mbeya