Ringi ngumu haiponyi silinda iliyolika

Ndugu Mhariri,

Madukani siku hizi muuzaji wa ringi za pistoni ya pikipiki, yale maduara yenye mwanya yanayoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda, akishasema "hizi ngumu, zimetiwa moto", bei inapanda na mteja analipa bila kuuliza. Mimi ni fundi wa injini na ringi hizo nazifunga. Ninachopinga ni kuuzwa kama dawa ya silinda iliyokwisha.

Kutiwa moto si uongo. Ringi ya juu ya feleji hupashwa kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 500 ndani ya gesi ya amonia. Naitrojeni inapenya ngozi ya chuma na kuikomaza, huku ndani ringi ikibaki na mnepo wa kusukuma ukuta wa silinda.

Lakini injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ringi hiyo inageuza mwelekeo mara 200 kila sekunde. Kule juu inapogeukia, utando wa oili unakatika, tena ndiko kwenye moto na msukumo mkali kuliko kwingine. Ndiyo maana silinda hulika juu kwanza.

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda aliniletea injini inayokula oili, moshi wa buluu. Ringi alibadilisha wiki tatu nyuma, tena za bei. Niliitumbukiza moja ndani ya silinda, nikapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: juu ulizidi wa chini kwa karibu milimita 0.6. Kipenyo kikipanuka milimita 0.1, mwanya hufunguka zaidi ya 0.3, kwa hiyo juu pale palikuwa pamelika kama milimita 0.2. Ringi gani itaziba hapo?

Nikafungua ea klina, kichujio cha hewa ya injini. Sponji haipo, aliitoa "ili ivute vizuri". Na vumbi letu hili! Mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Ukiingia kati ya ringi na ukuta, unasaga.

Wauzaji, andikeni kwenye paketi ringi imetiwa nini, maana ya kromu haifungwi kwenye silinda iliyopakwa kromu. Mafundi wenzangu, tupime silinda kabla ya kumtuma mteja dukani. Ya kijana yule ilibidi ichongwe na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu. Ringi zake za bei hazikumfaa tena. Moja ameitundikia funguo.

Fundi wa injini,
Dodoma