Kabla ya kuupanda Kichwamba kwa baiskeli kiangazi hiki

Mhariri,

Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikikaribia, vijana huanza kupanga safari ya baiskeli kutoka Kasese kwenda Mbarara, hapa magharibi mwa Uganda, takriban kilomita 150. Mazoezi wanafanya, maji wanabeba, lakini baiskeli inaondoka na gia ileile ya kubebea matoke kwenda sokoni. Tunaomba nafasi kidogo gazetini tuseme nini kifanywe kabla ya kuondoka, maana barabarani fundi hawezi kufanya mengi.

Baiskeli kubwa ya inchi 28 isiyobadilisha gia mara nyingi huwa na gia ya mbele ya meno 44 na frihwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma, ya meno 18. Pedali ikizunguka mara moja, unasogea kama mita 5.4. Kwenye tambarare ya Kikorongo hiyo ni raha tupu. Ukifika Kichwamba, pale barabara inapoupanda ukingo wa Bonde la Ufa, magoti ndiyo yatakayolipa. Funga frihwili ya meno 22: mzunguko mmoja utakupa mita 4.4, na kila mkanyago utapungua uzito kwa karibu asilimia 18. Utakwenda polepole zaidi, ndiyo, ila utafika juu ukiwa umekaa kitini.

Kuibadilisha kuna mambo yake. Frihwili kubwa inakula cheni zaidi. Kutoka meno 18 kwenda 22 inahitajika kama inchi moja ya ziada, kwa hiyo ama uongeze kipande kimoja kizima, ama usogeze gurudumu la nyuma mbele kwa nusu inchi. Wengi huchagua kusogeza kwa sababu ni bure. Wanachosahau ni breki: kwenye baiskeli za breki za fito, zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, mpira wa breki unakaa ndani ya rimu na kuvutwa kwa nje, hivyo gurudumu likienda mbele rimu inaukimbia mpira. Mkono wa breki utafika hadi kwenye usukani kabla haijashika. Rekebisha fito siku hiyohiyo, usingoje mteremko ukukumbushe. Na usifunge frihwili mpya kwenye cheni iliyochoka. Pima kutoka pini hadi pini, pini 24 mbele: cheni isiyochakaa ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 3, itupe, la sivyo itaruka meno pale pale unapoegemea pedali kwa nguvu zote.

Kwenye mpando kuna mhalifu mwingine, kota ya krenki, yaani pini inayoubana mkono wa pedali kwenye ekseli yake. Ukisimama juu ya pedali kwa muda mrefu, kota iliyochongwa vibaya hulegea, na utaisikia: mlio mmoja wa kugonga kila pedali ikizunguka. Ukikaza nati peke yake unaharibu uzi. Weka kitu kigumu chini ya krenki, gonga kota iingie, halafu ndipo ukaze nati. Baada ya kilomita 20 za kwanza kaza tena. Beba kota mbili za akiba, maana ikishapondeka hairudi.

Sasa joto. Kuna imani kwamba jua kali hupasua tairi, kwa hiyo watu hupunguza upepo asubuhi. Hesabu haikubali. Tairi iliyojazwa upepo wa pauni 50 (kwa inchi ya mraba) kwenye nyuzi 20 asubuhi, ikipata moto hadi nyuzi 50 kwenye lami, inapanda hadi pauni 56 au 57 tu, na tairi nzima inabeba hizo bila shida. Tairi yenye upepo mdogo na mzigo nyuma ndiyo inayogonga rimu kwenye shimo na kutoboa tyubu matundu mawili sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo, usitafute mwiba, tafuta pampu.

Joto la kuogopa ni la breki. Anayetoka Mbarara kuja Kasese anauteremka ukingo huohuo, na akiiachia breki imeshika mfululizo kutoka juu hadi chini, rimu inachemka, gundi ya viraka inalainika, na tyubu inaachia hewa akiwa kwenye kona. Shika kwa nguvu kwa sekunde chache, achia kabisa ipoe, shika tena, nyuma na mbele kwa kupokezana. Simama mara moja au mbili njiani. Rimu ikiwa haishikiki kwa mkono, bado hujapumzika vya kutosha. Kuhusu kushika mkia wa lori wakati wa kupanda: lori likikanyaga breki, wewe huna pa kwenda.

Mwili nao. Ukipanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa hakuna upepo wa kukukausha jasho, ndiyo maana mpando unachosha kuliko jua la tambarare lilelile. Kunywa nusu lita hadi lita moja kila saa, kidogo kidogo. Maji matupu mengi hayatoshi, chumvi inatoka na jasho. Anayekunywa maji tu kutwa nzima anaweza kuumwa kichwa na kutapika, akadhani ana kiu akazidisha. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Tumia chumvi laini ya dukani. Ile ya mabonge kutoka Ziwa Katwe tunaiheshimu, lakini haipimiki kwa kijiko. Roleksi moja (chapati iliyoviringishiwa mayai) na ndizi mbili zinatosha kwa asubuhi. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba huku ngozi ikiwaka moto, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima hapohapo, na mtafute usafiri wa kwenda hospitali. Safari yake imeishia hapo.

Saa za kuondoka zinahitaji busara. Kasese tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linafika utosini karibu saa saba, na kipindi kibaya ni saa saba hadi saa kumi. Ungesema basi niondoke gizani. Lakini barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na alfajiri na jioni ndipo tembo na nyati wanapovuka. Ondoka kukipambazuka, karibu saa moja, na maji lita 3. Katunguru, kwenye daraja la mfereji wa Kazinga, ni kama kilomita 40, kwa hiyo utafika saa nne hivi. Ukikuta tembo barabarani, simama mbali, ungana na magari yaliyosimama, usijaribu kupenya. Sisi tunashauri kulala Katunguru na kuuanza mpando asubuhi ya pili. Anayelazimisha siku moja anakutana na Kichwamba katika zile saa mbaya.

Mwisho ni ombi kwa wauza vipuri wa Kasese, Ishaka na Mbarara: wekeni frihwili za meno 20 na 22 kando ya zile za 18, pamoja na kifaa cha kuzifungulia. Frihwili iliyofunguliwa kwa patasi na nyundo haifungwi tena, na habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, huenda isifae tena pia.

Mafundi wa baiskeli,
Kasese