Shukrani kwa waliotusitiria mama yetu, Kojani

Bismillahi. Sisi watoto wa marehemu, wa kisiwa cha Kojani, Wilaya ya Wete, Pemba, tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu mama alipougua mpaka tulipomzika. Ndugu zangu wameniachia mimi kalamu kwa kuwa mimi ndiye niliyelala naye wodini.

Waliochimba kaburi, waliopika, wanamadrasa waliosoma khitma, sheha wetu, majirani waliotuazima majamvi na masufuria: Mungu awalipe kheri. Walioko dago, kambi za uvuvi za mbali, hawakuwahi maziko, lakini simu zao zilitufika na ubani wao ukatufika. Manahodha hawakutaka nauli hata siku moja. Kuna usiku maji yalikuwa yamekupwa, vijana wanne wakambeba mama na kitanda chake, matope magotini, mpaka chomboni. Yule aliyepotezea kiatu matopeni, kiatu tumekiona, aje akichukue.

Sasa niseme la mguu, maana wengi mmetuuliza imekuwaje mtu akafa kwa donda. Mama alikuwa na sukari miaka mingi. Sukari ikikaa sana huua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akakanyaga gome kali asisikie. Siku hiyo alitoka pwani kuokota chaza, damu inamfuata mpaka uani, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Tulimpeleka hospitali moja, jina lake tunaliacha. Matibabu yalitangazwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, na kweli hatukutozwa hata shilingi. Lakini donda lilifunuliwa ukumbini, wanaume na watoto wanapita, nguo imepandishwa mpaka juu ya goti. Akaulizwa kwa sauti, "Mbona mmelifuga mpaka linanuka?" Mama akavuta mtandio akajifunika uso.

Tangu siku ile kila tukimtajia hospitali alisema mguu haumuumi. Ni kweli ulikuwa haumuumi, ndiyo maradhi yenyewe. Miezi miwili alilikosha donda kwa maji ya chumvi na kulificha ndani ya soksi. Tulipogundua, kidole kimekuwa cheusi na homa imeshapanda.

Kwa hiyo shukrani yetu kubwa inamwendea nesi wa zamu ya usiku katika hospitali aliyofia. Kabla hajagusa bendeji alimwamkia mama shikamoo. Akaomba kanga zetu mbili, akazitundika kwenye kamba ya chandarua, kisha akamuuliza, "Nikufunue, mama?" Wodi imejaa watu, na mama akawa peke yake. Nesi alipotoka, mama akanambia, "Leo nimetibiwa." Siku ya tatu yake alifariki.

Wakati wa kumkosha nilikuwapo pale penye ufuo, kishimo cha maji ya kuoshea maiti. Shuka haikuondoka juu yake hata mara moja. Waoshaji walipitisha mikono chini ya nguo, wakamgeuza polepole kama anayelala. Nikawahadithia ya ukumbini. Bi mkubwa mmoja, mikono ingali majini, akaniuliza, "Kwani huko hakukuwa na shuka?" Sikuwa na jawabu. Swali lile ndilo lililotukesha uani wanawake kumi na mmoja, usiku wa tatu wa matanga.

Tuliyokubaliana ni mengi, mengine bado tunabishana. La kusindikizana limeshaanza: mgonjwa wa kike havuki peke yake, anakwenda na mtu asiyeogopa kumuuliza daktari. Wenye sukari wanaangaliwa nyayo kila jioni, na mtu mwengine, kwa taa. (Wazee wa kiume wamegoma. Tutawapata.) Na tumekwenda watano, pamoja na sheha, kuonana na mkubwa wa hospitali ile ya mwanzo. Sikutegemea, lakini alitukalisha akatusikiliza. Alisema nafasi ya kutundika mapazia ipo, vitambaa ndivyo hakuna. Kama ni kweli au alitupoza tu, tutajua vitambaa vikifika.

Khitma ya arubaini itasomwa nyumbani kwa marehemu, Ijumaa baada ya sala ya laasiri, inshaallah. Aliyenuia kuja na ubani tunamuomba alete wari tatu za kitambaa cha pazia. Vyarahani viwili tumeshaazimwa. Rangi yoyote itafaa, mradi kisionyeshe.