Mhariri, chumvi tunaitia wenyewe kwenye zege

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, nimekuwa msomaji wenu miaka mingi na hii ndo mara ya kwanza naandika. Naandika kuhusu zege la njia ya gari, ile ya kutoka getini mpaka barazani, maana huku Kigamboni kila nikipita mtaani naona watu wanabomoa kitu ambacho hakijamaliza hata miaka mitano, na ukiwauliza wote wanakupa jibu moja, bahari hiyo, huku pwani ndivyo kulivyo, chumvi inakula kila kitu. Hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Sasa nakataa. Chumvi ya bahari ipo, hilo halina ubishi, upepo unaileta mpaka kwenye mabati na nyavu za madirisha, lakini iliyoua zege langu haikuja na upepo, ililetwa na lori na mimi ndo niliyelipa.

Njia yangu ina urefu wa mita 18 na upana wa mita 3. Mara ya kwanza niliimwaga mwaka 2017, unene inchi 4, fundi akaniambia ataweka wavu wa BRC ndani, ule wa waya za chuma zilizounganishwa miraba, ili iwe imara, nikafurahi, nani hapendi chuma kwenye zege? Mchanga ukaletwa, mweupe, mzuri kwa macho, una vipande vidogovidogo vya kombe ambavyo watoto walikuwa wanaviokota wanachezea. Sikuuliza umetoka wapi. Maji tulichota kisima cha hapahapa nyumbani, maji ambayo hata sabuni haitoi povu, kuyanywa hatuyanywi, ila kwa ujenzi nikaona yanatosha. Wakaanza saa tano asubuhi, jua kali, upepo unavuma, ikifika alasiri wameshamaliza na juu wamepiga niru, ule uji mzito wa saruji wa kulainisha uso, linang'aa kama sakafu ya sebuleni. Kesho yake fundi alikuja kuchukua hela yake iliyobaki. Kumwagilia maji akasema nimwagilie kidogo siku mbili tatu.

Mwaka wa pili ile niru ikaanza kubanduka kama maganda. Mwaka wa tatu ikatokea mistari ya kahawia juu ya zege, imejipanga miraba miraba kama daftari la hesabu, na mwanzoni sikuelewa ni nini mpaka siku moja nilipogundua ni umbo la ule wavu, chuma kinajichora juu kutokea ndani. Baada ya hapo vipande vikawa vinaruka vyenyewe gari ikipita.

Mwaka 2022 tukabomoa, na hapo ndo nilijifunza. Sehemu kubwa ya wavu tuliikuta chini kabisa imelala kwenye udongo, yani haikuwahi kuwa ndani ya zege. Nakumbuka vizuri fundi alivyoutandaza chini akasema tutauinua kwa ndoano wakati wa kumwaga, lakini ukishaweka toroli na vibarua sita wenye mabuti juu yake nani atauinua. Sehemu nyingine ulikuwa umepanda mpaka karibu na uso, sentimita mbili tu za zege juu yake. Nilishika kipande cha waya, kilikuwa kimevimba kutu tabaka kwa tabaka kama kitunguu, nikakibonyeza kwa vidole viwili kikakatika, katikati chuma kilichobaki ni chembamba kama sindano ya kushonea magunia.

Hapa nieleze kidogo maana watu wengi wanaona zege na chuma ni marafiki tu basi. Saruji ikishachanganywa na maji ina ukali kama wa majivu, ndo maana inachubua mikono ya saidia fundi, na ukali huohuo ndo unaokikinga chuma, unakivisha kama ngozi nyembamba kisipate kutu. Chumvi ikifika pale inaitoboa ile ngozi. Chuma kinaanza kuoza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili mpaka hata mara sita, sasa iko ndani ya zege gumu haina pa kwenda, inalipasua kutoka ndani. Kwa hiyo zege linalobanduka huku pwani mara nyingi halikuliwa kutoka juu. Chumvi ya upepo inachukua miaka mingi kupenya zege lililoshiba vizuri. Ile uliyoitia kwenye karai siku ya kwanza haina safari yoyote, imeshafika. Na si kidogo, maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita moja, yani ndoo ya lita 20 ina gramu 700. Mchanga uliochotwa ufukweni ukakauka, ile chumvi haijaenda popote, imebaki imegandia kwenye punje.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yetu, fundi mstaafu. Tulipoanza upya akaja kuangalia mchanga ulioletwa, safari hii niliagiza kwa mtu mwingine aliyeniapia kuwa ni wa mtoni. Mzee akaomba glasi na maji ya kunywa. Akatia konzi moja ya mchanga, akakoroga kwa kijiko, akaacha utulie, akaonja kidogo kisha akanipa. "Onja mwanangu." Nikaonja. Chumvi kabisa, kama maji ya kusukutulia meno. Nikamwambia mzee shikamoo yako leo ni ya pili, nikapiga simu lori likarudi kuzoa mzigo wake siku hiyohiyo, tukagombana sana na dereva lakini ulirudi. Uliofuata ulionjwa kwenye lori kabla haujashushwa. Mzee akanionyesha pia kuangalia tope, unatia mchanga kwenye chupa ya kioo nusu, unajaza maji na kijiko cha chumvi, unatikisa unaiacha masaa kadhaa, lile tabaka la udongo laini linalokaa juu ya mchanga likiwa nene basi mchanga huo ni mchafu. Glasi na chupa. Nilikuwa sijawahi kufanya hata kimoja nilipotumia mamilioni mwaka 2017.

Maji tukanunua boza. Ni gharama, sikatai, lakini ukipiga hesabu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 haitakiwi uzidishe lita 25 za maji, na kwa huku pwani ni bora hata 22 au 23, na hapo unahesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Si maji mengi. Yanayokuwa mengi ni yale ya kwenye mpira, kibarua anaongeza anaongeza mpaka zege linakuwa uji linamwagika lenyewe. Yale maji ya ziada saruji haiyahitaji, yatatoka kwa kukauka na kila yanapotoka yanaacha vinjia vidogo ambavyo macho hayaoni, na vinjia hivyohivyo ndo chumvi ya upepo inapitia kuingia ndani. Mzee alisema zege kwenye koleo likae kama ugali mlaini. Tukalishindilia kwa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege hewa itoke, ya kukodi.

Sasa suala la chuma. Mimi njia yangu ya sasa haina chuma ndani. Najua mafundi watashtuka, na wengine wameniambia nimepunguza ubora, lakini njia ya gari ya nyumbani inalala juu ya ardhi, haining'inii kama slabu ya ghorofa, ikiwa chini pameshindiliwa vizuri na zege limekatwa maungio kwa nafasi zake basi BRC si lazima, na huku kwetu chuma kilichowekwa vibaya ni ugonjwa uliozikwa. Zege likikauka linasinyaa, lazima lipasuke mahali, kwa hiyo wewe unaliamulia lipasukie wapi. Tulikata kila mita 2 na nusu hivi, kina robo ya unene, asubuhi ya siku iliyofuata kwa mashine, na mpaka leo nyufa zote ziko chini ya ile mistari, juu hakuna kitu. Sehemu moja tu niliweka nondo, pale getini njia inapopita juu ya mtaro, pale zege linabeba kweli, na nilisimama mwenyewe kuhakikisha kila nondo imekaa juu ya biskuti za zege za inchi 2, vile vipande vidogo vya kuinulia chuma kisiguse chini. Biskuti za zege, si kokoto wala vipande vya mbao.

Na kama mtu anaona zege bila chuma haliwezi kudumu pwani, aende Kilwa Kisiwani akaangalie Msikiti Mkuu, ulianza kujengwa karne ya 11 na kuongezwa sana karne ya 14, au hapo karibu tu magofu ya Kaole Bagamoyo. Mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuuni, upepo wa bahari unapiga karne na karne. Sisemi havijaguswa, sehemu zimeanguka na nyingine zimekarabatiwa, lakini hakuna ukuta pale uliopasuliwa na kutu maana ndani hamna nondo. Nilipofika Kaole na wanangu nilikaa nimeshika ule ukuta muda mrefu nikiwaza ile njia yangu ya miaka mitano.

Unene nao, wengi wanamwaga inchi 4 halafu wanaingiza boza la maji ndani ya geti. Boza la lita elfu kumi ni tani 10 za maji peke yake, lori lenyewe hujahesabu. Inchi 4 ni ya gari ndogo. Mimi nimeweka inchi 6 kote, na chini nilitoa ule mchanga laini wa juu nikaweka moramu, nikashindilia kwa kompakta kwa matabaka na maji, siku mbili nzima kazi hiyo tu. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita ili maji ya mvua yasisimame. Juu nikakataa niru, tumepitisha fagio ngumu, gari haitelezi na hakuna cha kubanduka. Kokoto ni za Lugoba, mkoa wa Pwani. Saruji ni ile ya nguvu ya 42.5, mifuko 65, ile ya 32.5 yenye nguvu ndogo zaidi mimi naiacha kwenye plasta na tofali. Mwaka 2017 fundi alitumia mifuko 28, na hata kwa mchanganyo wa 1:2:4, yani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na ule unene wa inchi 4 ilitakiwa si chini ya 34, sasa hiyo sita sijui ilienda wapi.

Lakini kama ni kuchagua jambo moja ambalo watu hawafanyi kabisa basi ni kumwagilia. Tulianza kumwaga zege alfajiri, saa nne tumeshafika kivulini mwa mwembe, na kila kipande kikishapigwa fagio na kukaza kidogo tunakifunika nailoni palepale kabla upepo haujakausha uso. Kesho yake tukaweka magunia ya katani juu, mke wangu na kijana wetu wa nyumbani wakawa wanayalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa siku 14. Siku 7 ndo kima cha chini. Gunia halikuachwa likauke hata siku moja. Majirani walidhani tunaanika kitu. Zege halikauki kama nguo, linahitaji maji ili liendelee kujijenga, ukilinyima siku za mwanzo uso wake unabaki dhaifu na vinyweleo vyake wazi, na nguvu yake ile inayohesabiwa siku ya 28 haiji. Gari nimeingiza mwezi ulipoisha.

Mhariri, ninachoomba ni hiki. Kuchota mchanga ufukweni kunaumiza fukwe zetu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini lori likishafika mtaani hakuna anayeuliza. Naomba halmashauri za pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, zimtake kila muuza mchanga aandike kwenye risiti umechimbwa wapi. Mtu anayejenga apate karatasi ya kushika, siku mchanga ukionekana ni wa bahari awe na pa kwenda kudai. Na vyuo vya ufundi huku pwani vimfundishe kijana habari ya chumvi wiki ya kwanza kabla hajashika mwiko. Wananchi wa kawaida wanatumia akiba ya miaka kumwaga zege mara mbili, na nondo hizohizo na mchanga huohuo ndo unaopanda kwenye nguzo na slabu za nyumba wanazolala watoto, huko si suala la gari tena.

Jumamosi hii jirani yangu wa nyumba ya tatu anamwaga ya kwake. Lori limeshusha mchanga jana jioni, nikaenda na glasi, tukaonja wote wawili. Hauna chumvi. Magunia nimemwazima yangu.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam