Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Majina ya Mashujaa Yasomeke

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: MAJINA NA MAWE YA MAKABURI YA ASKARI WALIOFIA NCHI

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Sisi ni mafundi wa kuchonga mawe ya makaburi, pamoja na watunza makaburi. Kila Julai 25 nchi husimama kuwakumbuka mashujaa wake: Mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa 6 usiku wa kuamkia siku hiyo, buruji hulia, mkuki na ngao huwekwa mnarani, viongozi wa dini huomba dua. Hapo hatuna la kuongeza. Tunaandika kuhusu siku 364 zinazobaki, na hasa kuhusu jina la askari lililochongwa juu ya jiwe, maana hilo ndilo kazi yetu na ndilo linaloharibika kwanza.

Tazama Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale waliobeba mizigo ya jeshi na kutuachia jina la Kariakoo. Maandishi yake yanamwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Maneno mazito, lakini uizunguke sanamu mara ngapi upendavyo, hutaona jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja imepita na orodha nyingi hazipatikani tena. Waliokuwa wakijua nani alikuwa nani walikwenda na ujuzi wao.

Sisi wa leo bado tunao wajuzi. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa njiani kwenda Masaka ana miaka arobaini na kitu sasa, na mama yake ni bibi. Huyo bibi ndiye daftari letu. Ndiye anayejua kama mumewe alikuwa Athumani, Athman au Othman, na kama ukoo ni Rweyemamu au Lweyemamu. Wakati ule maelfu ya mgambo waliitwa kutoka vijijini, na karani wa kutoka mkoa mwingine huandika anachokisikia: R inakuwa L, Selemani anakuwa Suleiman, jina la babu linaachwa kwa sababu nafasi kwenye fomu imekwisha. Fundi naye huchonga alichopewa. Akishapitisha patasi, kosa la karani linakuwa kosa la Taifa.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza halina saruji ndani yake. Kabla ya kuchonga au kuchonga upya jina lolote, iwe kwenye mnara wa Kaboya kule Muleba, iwe kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele kule Mtwara, orodha ichapishwe kwa herufi kubwa na ibandikwe kwenye ofisi za Washauri wa Mgambo wa wilaya zote kwa siku 90. Iwe na majina matatu, namba ya jeshi, cheo, kijiji alikotoka na tarehe ya kufa. Familia zije na karatasi walizonazo, kama cheti cha ubatizo, kadi ya zamani au barua ya jeshi. Pakiwa na mvutano, jina ambalo familia inaliandika lishinde lile la fomu, na tahajia ya fomu ibaki kwenye rejista ili mtafiti asipotee.

Orodha ikishakuwa safi, isomwe na watu watatu. Mmoja anatamka herufi moja moja kutoka kwenye rejista, wa pili anafuata kwenye karatasi ya kuchongea iliyochapwa kwa ukubwa halisi, wa tatu anaweka alama. Waanze jina la mwisho warudi juu. Ukisoma kutoka juu kwenda chini, jicho linazoea na kuanza kukisia, ndiyo maana makosa mengi hukutwa robo ya mwisho ya orodha.

Sasa jiwe lenyewe. Siku hizi umeingia mtindo wa graniti nyeusi inayong'aa, majina yamechorwa kwa leza. Siku ya uzinduzi hupendeza kuliko kitu kingine chochote. Lakini leza hukwangua ngozi ya jiwe tu, hata milimita moja haifiki. Vumbi likishakaa na mng'ao ukififia, maandishi ya kijivu yanapotelea kwenye jiwe la kijivu. Tunashauri herufi ichimbwe. Kwa jiwe la kaburi, herufi kubwa iwe na kimo cha milimita 25 na mfereji wenye umbo la V: upana wa milimita 4, kina cha 3 hadi 3.5. Mfereji wa namna hiyo hauhitaji rangi, kwani kinachosomeka ni kivuli.

Na kivuli kina masharti yake, ambayo wabunifu wa minara huyasahau. Mwezi Julai jua letu liko kaskazini. Ukuta wa majina unaotazama kusini, siku yenyewe ya Mashujaa, unashinda kivulini kutwa nzima na herufi zinaonekana bapa kama zimeandikwa kwa penseli. Ukuta utazame mashariki. Gwaride huwa asubuhi, na jua la asubuhi likipita pembeni mwa herufi, mtu anasoma akiwa hatua kadhaa mbali. Mstari wa juu kabisa usizidi mita 1.8 kutoka ardhini na wa chini usishuke chini ya sentimita 60, kwa sababu wanaokuja kutafuta jina ni wazee, na mzee hutaka kuligusa.

Majina yasichongwe kwenye bamba moja kubwa. Tumia vibao vya sentimita 30 kwa 60, kila kimoja majina 20 hivi, vikishikwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kosa likigundulika unabadilisha kibao kimoja, huvunji ukuta. Kila vibao kumi acha kimoja kitupu. Daima kuna aliyesahaulika, na hakuna kitu kinachoumiza familia kama jina la baba yao kubanwa pembeni kwa herufi ndogo baada ya watu kugundua. Shaba tunaikataa kwa sababu isiyo ya kifundi: wanunuzi wa chuma chakavu.

Minara mingi ya zege inakufa kutoka ndani. Nondo ikiwa karibu na uso wa zege, maji huifikia, inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Zege linapasuka na kumwaga vipande, mara nyingi palepale penye maandishi. Nondo ifunikwe kwa zege la milimita 50 kila upande. Mchanga wa baharini usitumike Mtwara wala pwani yoyote, hata kama fundi anasema ameuosha, kwani chumvi ndiyo inayoharakisha kutu. Zege likishamwagwa lifunikwe kwa magunia yaliyolowa siku 7. Mkandarasi anayekimbizana na tarehe ya mgeni rasmi huiruka hatua hii kwanza, maana haionekani kwenye picha.

Hilo linatufikisha kwenye rangi ya Julai. Mheshimiwa, kama kuna jambo moja tunaomba lipigwe marufuku kwa waraka, ni kupaka rangi mawe ya makaburi wiki moja kabla ya maadhimisho. Rangi ya mafuta hufunga jiwe. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, unasukuma, rangi inabanduka na ngozi ya jiwe pamoja nayo. Kibaya zaidi ni kijana anayepewa brashi ndogo na kopo la rangi nyeusi apitie herufi. Koti la kwanza linakaa vizuri. Mwaka wa tano mfereji umejaa. Mwaka wa kumi hakuna mfereji, kuna alama nyeusi tu, na mpakaji anafuata alama ya aliyemtangulia: mguu wa chini wa E haukuonekana, imekuwa F, 3 imefungwa, imekuwa 8. Hakuna aliyekusudia, lakini marehemu ameshabadilishiwa jina na tarehe.

Kusafisha ni kazi rahisi na ya bei ndogo. Ndoo ya maji safi, brashi ya nyuzi laini, kijiti cha mwanzi kwa ukungu uliong'ang'ania. Lowanisha jiwe lote kwanza, kisha sugua kutoka chini kwenda juu, maana maji machafu yakitiririka kwenye sehemu kavu huacha michirizi isiyotoka. Suuza, ondoka. Asidi ya chooni hula marumaru na terazo mbele ya macho yako. Jiki huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe. Brashi ya waya huacha chembe za chuma ambazo mvua ya kwanza huzigeuza madoa ya kutu. Udongo mwekundu wa Kagera ukirushwa na matone ya mvua hupaka nusu ya chini ya kila jiwe. Dawa yake ni ukanda wa kokoto wa upana wa sentimita 30 kulizunguka.

Kaburi jipya lisiwekewe jiwe zito kabla halijapitiwa na masika moja. Udongo hutitia, mchwa nao wana yao, na jiwe lililowahishwa huinama. Weka kibao cha mbao chenye jina, jaza udongo unaposhuka, kisha ndipo umwage msingi. Mti mzuri kwa kibao ni mvule. Januari 2025, huko Cape Town, kumbukumbu ya vibarua wa jeshi zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ilizinduliwa kwa nguzo za mvule, nguzo moja kwa mtu mmoja, jina na tarehe ya kufa. Kwa hiyo mbao si umaskini.

Kuna suala la mwelekeo ambalo watu huogopa kuligusa. Muislamu hulazwa ubavu wa kulia akitazama kibla. Mtwara kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kagera kinaegemea mashariki kwa takribani nyuzi 19. Kwa hiyo kichwa cha Muislamu huwa upande wa mashariki. Mkristo, kwa desturi ya zamani, hulazwa kichwa magharibi, miguu mashariki. Makaburi ya wote wawili hulala karibu mstari mmoja na safu huonekana imenyooka, ila vichwa viko ncha tofauti. Mawe yakipangwa yote upande mmoja kwa ajili ya kupendeza macho, nusu ya askari wanawekewa jina miguuni. Afadhali kila kaburi liwe na mashahidi wawili, yaani mawe ya alama, kichwani na miguuni, na jina liwe kwenye la kichwani. Kagera, kwa sababu ya zile nyuzi 19, Waislamu wapewe kitalu chenye mstari wake. Ukubwa wa jiwe usitofautiane, awe jenerali au kuruta.

Mwisho kuna wale wasio kwenye makaburi ya jeshi. Julai 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017 kambi ya wenzao ya Semuliki, Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilishambuliwa na tukapoteza 15. Askari wa zama hizi mara nyingi huzikwa nyumbani kwao, kando ya mgomba au chini ya mkorosho, na kaburi linabaki mikononi mwa familia. Shamba likiuzwa, kaburi linauzwa nalo. Tunaomba kila kaburi la namna hiyo lipigwe picha, lichukuliwe vipimo vya GPS, liingizwe kwenye rejista ileile ya majina, na Mshauri wa Mgambo wa wilaya alitembelee mara moja kwa mwaka akiwa na ndoo na brashi tuliyoitaja. Mzizi wa mkorosho ukiwa umeanza kuinua jiwe, jiwe lisogezwe, mti uachwe, familia inaula.

Kwa ratiba, Juni hadi Agosti ni kiangazi Kagera na Mtwara pia, na ndiyo miezi ya kuchonga na kumwaga zege. Siku 90 za kubandika orodha zikianza mapema Februari zinaisha mwanzoni mwa Mei, mwezi mmoja wa kusahihisha, na Juni fundi anaanza. Gharama ya hatua hiyo ya kwanza ni karatasi, wino na gundi, na tuko tayari kukaa na maofisa wako kuandaa fomu ya familia ili nafasi ya jina la babu iwepo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa mawe ya makaburi na watunza makaburi