Hamadi, nyumba ya bibi usiiguse kwanza

Asalaam alaykum Hamadi, kimya changu tangu Idi unisamehe, simu iliingia maji. Haraka ni hii: Mwanakombo kaniambia jana ati umeshashusha simenti uipige plasta nyumba ya bibi. Bwana, subiri!

Mie huku Yorkshire, Uingereza, kule mabondeni kwao, nimepata kibarua kwa mafundi wanaotengeneza nyumba ya mkulima ya karne ya 17, mawe matupu. Ukiiona utacheka. Vidirisha vidogo vimekatwakatwa na nguzo za mawe, vyengine vimezibwa kabisa, fundi mkuu ananambia zamani serikali ilitoza kodi ya madirisha, toka 1696 mpaka 1851, wengine wakaona bora kiza. Paa nalo mawe! Mabamba makubwa yanaanzia chini, yanapungua yanapungua hadi ya kileleni madogo, na kuyapandisha tunayapandisha sisi, mgongo wangu we acha tu.

Sasa ukuta. Unene kama sentimita 60, mawe nje, mawe ndani, katikati vifusi, na hapa na pale jiwe refu limepenya kushika pande zote mbili. Vyote vimeshikana kwa chokaa, kama kwetu. Tatizo kuna mtu miaka ya nyuma kajaza simenti baina ya mawe, kadhani anaimarisha. Maji yakiingia ndani hayapati pa kutokea kwenye simenti, yanatokea kwenye jiwe lenyewe, baridi ikipiga yanaganda na jiwe linabanduka uso. Nimeligusa moja nikabaki na gamba lake mkononi, na simenti pembeni yake nzimaa, haina hata ufa. Wiki ya pili hii tunaichokoa kwa patasi na nyundo, polepole usije ukavunja jiwe, tunarudisha chokaa, tunatundika magunia mabichi isikauke mbio.

Utanambia Unguja hakuna barafu. Sawa, na chumvi je? Ule ukuta wa ukumbini unaotoka unga mweupe wa chumvi, bibi akiufagia kila asubuhi huku anamtukana nani vile... Ukiuziba kwa simenti unga utaenda wapi?

Mifuko umeshaifungua? Dukani hawatoipokea? Yule mzee wa tanuri la chokaa bado yuko hai? Boriti za juu umezipanda kuziangalia? Na fundi aliyekwambia simenti ni nani, isijekuwa yule yule aliyetujengea choo?